Mizani ya Taka

Huku Kaini tunachuma kabla ya jua,
maana ua la zafarani likishaonwa na jua
hulegea kama mtu aliyepewa habari mbaya.
Vidole vinakuwa barafu. Tunavipulizia.
Kisha ndani, mbele ya kitambaa cheupe,
wanawake kumi na mmoja, magoti yakigusana,
tunapasua ua, tunachomoa nyuzi tatu nyekundu,
na kilichobaki tunakitupa nyuma ya mgongo
bila kugeuka.

Kilichobaki ndilo ua lenyewe.
Petali sita za urujuani, bado na umande.

Maua mia na sitini kwa gramu moja:
hesabu hiyo nimeilala miaka thelathini na miwili.
Nyuzi, Hajji Nosrat huzipima kwa mizani ya sonara
akizuia pumzi asizipeperushe.
Petali huzolewa kwa koleo.
Mimi nilijazia mto. Bi Touran aliwapa mbuzi wake.
Zilizosalia zilioza mtaroni,
na mtaro, kwa siku mbili kila mwaka,
ulipendeza kuliko bibi harusi.

Ndipo mpwa wangu Farangis akarudi kutoka Mashhad
na chupa, chujio, kipimajoto,
na macho ya mtu asiyelala.
Alinionyesha karatasi ya pipi ya dukani:
"Shangazi, soma. Rangi hii ina namba, haina jina."
Sikuwa na miwani. Nikamwamini.

Mara ya kwanza alizichemsha.
Zikatoka kahawia, maji ya kuoshea viatu.
Hakusema kitu, aliandika tu daftarini,
akakaza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Mara ya pili hakuwasha moto.
Aliziloweka katika maji baridi na chembe za ndimu,
akazifunika, akaziacha gizani usiku kucha.
Asubuhi nikakuta chupa mezani.
Rangi ile siwezi kuieleza. Tuseme
komamanga lililoona haya.

Akatia magadi: ikageuka kijani,
kijani cha shaba kuukuu.
Akakamua ndimu: nyekundu ikarudi mbio.
Bi Touran akatikisa kichwa:
"Tabia za mume wangu wa kwanza hizi."
Tulicheka hadi nyuzi zikatawanyika.
Jioni watoto walikula faluda ya waridi
wakatoleana ndimi barazani, nani kazidi.

Sasa sikia.

Vuli iliyofuata lilikuja gari la kiwanda,
na Hajji Nosrat akaingia na mizani ya pili,
kubwa, ile ya magunia ya viazi.
Akasema petali zisitupwe tena.
Akasema mtu asitoke nazo kwenye aproni.
Kitu kikishaitwa mali hupata mwenyewe
siku hiyo hiyo.
Farangis aliangalia viatu vyake.

Bi Touran akauliza, mkono ukiwa ndani ya ua:
"Na sisi tunaozitenga? Kilo, kiasi gani?"
"Kazi ni ile ile," akasema Hajji.

Ni kweli, kazi ni ile ile.
Ila zamani tulitupa nyuma,
sasa tunaambiwa tuweke mbele, kwa adabu,
zisichubuke.

Sijui nani alianza. Labda Kowkab, mdogo wetu,
ambaye hata kusengenya hajui.
Aliweka mikono mapajani.
Kisha wa pembeni yake. Kisha mimi.
Mikono ishirini na miwili, imepakwa manjano,
imelala kama mikono ya wageni.

Maua yalikuwa rundo, kufika kifuani.
Nje, mlima ulianza kupata ukingo.
Hakuna aliyesema neno. Tulitazama dirisha,
na mstari wa mwanga uliokuwa ukitambaa sakafuni,
kigae kwa kigae,
kuelekea kitambaa.

Hajji Nosrat naye aliutazama.
Alivua koti, akaliziba dirisha nalo,
akalishikilia kwa mikono yote miwili,
mgongo kwetu.
"Haya," akasema. "Tajeni."